Kijana anayetaka kuwa daktari wa dharura achague chuo kipi?

Kila mwaka yanapotangazwa matokeo ya kidato cha sita, kamati ya msikiti wetu hapa Sirari hupata wageni wengi kuliko kawaida. Wazazi huja na vijana wao baada ya Sala ya Alasiri, vyeti vikiwa katika bahasha, kutaka ushauri juu ya vyuo. Wengi huuliza maswali tuliyoyazoea: ada ni kiasi gani, mkopo wa Serikali una riba au hauna, binti ataishi wapi na nani. Siku hizi limeongezeka swali jingine. Kijana aliyesoma Fizikia, Kemia na Baiolojia anasema kwamba anataka kuwa daktari, na zaidi ya hapo anataka kuwa daktari wa kupokea majeruhi na watu waliozidiwa ghafla. Mzazi anatugeukia na kuuliza: basi huyu apelekwe chuo gani?

Swali hili linastahili jibu lenye maelezo, kwa sababu linagusa fedha ya familia, dini ya kijana, na uhai wa watu ambao leo hatuwajui. Tumeona tuliandikie makala ili lifike hata kwa familia zilizo mbali nasi.

Kwa nini swali hili linatuhusu

Sirari ni mji wa mpakani. Barabara kuu itokayo Mwanza, ikapita Musoma na Tarime, huishia hapa kwetu, na ng'ambo ya kituo cha forodha ni Isebania, Kenya. Malori ya mizigo hupita mchana na usiku, na bodaboda hubeba abiria, magunia ya mahindi na hata wagonjwa. Upande wa Nyamongo kuna machimbo ya dhahabu. Upande wa Serengeti vijiji vinapakana na hifadhi, na tembo au nyati akiingia shambani, anayekutana naye ni mkulima asiye na silaha. Wilaya ya Tarime pia ina historia yake ya ugomvi wa mipaka na wizi wa ng'ombe, ambao mara nyingi umemalizikia kwenye mapanga na mishale.

Barabara hiyo hiyo ya Mwanza hadi Sirari ilishuhudia msiba mkubwa Septemba 5, 2014. Mabasi mawili na gari dogo yaligongana eneo la Sabasaba, wilayani Butiama, na watu zaidi ya 30 wakafariki dunia. Majeruhi walikuwa wengi kwa wakati mmoja. Siku kama hiyo hospitali hupimwa kwa jambo moja: je, mlangoni yupo mtu anayejua aanze na nani, na amfanyie nini katika dakika za mwanzo?

Tusidhani kwamba dharura ni ajali peke yake. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua ni dharura. Mtoto mwenye malaria kali aliyeanza kupata degedege ni dharura. Mzee aliyepooza upande mmoja ghafla, mchungaji aliyeumwa na nyoka, msichana anayevuja damu baada ya kukeketwa kwa siri, wote hao ni wagonjwa wa dharura. Kutoka Sirari hadi mjini Tarime ni kama kilomita 20. Kutoka Sirari hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza, ni kama kilomita 300. Mgonjwa wa aina hii hawezi kusubiri kilomita 300. Anahitaji mtu wa kumshika pale alipo, amtulize, ndipo asafirishwe.

Tiba ya dharura ni elimu gani

Zamani katika hospitali zetu nyingi mgonjwa mahututi alipokelewa mahali pale pale anapopokelewa mwenye kikohozi. Alikutana na yeyote aliyekuwa zamu, kisha akapelekwa wodini, na huko ndiko tiba ilikoanza. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2010, ilipofunguliwa Idara ya Magonjwa ya Dharura katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, maarufu kwa jina la MUHAS, kikaanza kufundisha shahada ya uzamili ya tiba ya dharura. Wahitimu wa kwanza walimaliza mwaka 2013. Hii ina maana kwamba taaluma hii nchini mwetu bado ni changa, na kijana anayeingia leo anaingia katika safu za mbele.

Daktari wa dharura hafuati foleni ya nani alifika kwanza. Huwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao. Kwa kila mgonjwa mahututi huanza na mambo matatu kwa mfuatano: je, njia ya hewa iko wazi; je, anapumua vya kutosha; je, damu inazunguka mwilini au inamwagika mahali? Yakishadhibitiwa hayo ndipo hutafuta ugonjwa wenyewe. Ni lazima ajue kidogo cha daktari wa upasuaji, kidogo cha daktari wa watoto, wa moyo, wa uzazi na wa mifupa, tena akijue vizuri, kwa sababu hachagui nani ataingia mlangoni.

Baada ya janga la UVIKO-19 Serikali ilipata mkopo nafuu kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwaka 2021 ikazindua mpango wa shilingi trilioni 1.3. Sehemu ya fedha hizo ilijenga majengo ya dharura katika hospitali nyingi nchini, zikiwemo za wilaya. Wananchi wengi wanayaita EMD. Jengo hujengwa kwa miezi. Mtaalamu wa kusimama ndani yake hujengwa kwa miaka, na miaka hiyo huanzia kwa kijana aliyekaa mbele yetu na bahasha yake.

Fardhi ambayo wengi wameisahau

Wanazuoni wetu wameihesabu elimu ya tiba kuwa ni fardhi kifaya: wakijitokeza wa kutosha, dhima huwaondokea wengine, wasipojitokeza, jamii nzima hubeba dhambi. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, aliliandika jambo hili katika Ihyaa Ulumid-Din. Alisikitika kuona miji ya Waislamu haina tabibu Mwislamu, ilhali wanafunzi wanasongamana katika masomo ya fikihi na mijadala yake kwa kuwa ndiyo yaliyoleta vyeo. Karne 9 zimepita, na masikitiko yake bado yana mahali pa kukaa katika miji yetu.

Upo mfano ulio karibu zaidi na somo letu. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Sahaba Saad bin Muadh (Allah amridhie) alijeruhiwa kwa mshale uliomkata mshipa wa mkono. Mtume (SAW) alielekeza awekwe katika hema lililokuwa msikitini, ili awe karibu naye na amjulie hali. Aliyekuwa akitibu majeruhi katika hema hilo ni mwanamke, Rufaida wa kabila la Aslam. Hivyo mahali pa kupokea majeruhi palikuwa ndani ya Msikiti wa Mtume mwenyewe, na mikono iliyowahudumia ilikuwa ya Mwislamu mwanamke aliyeifahamu kazi yake. Mzazi anayesita kwa kuwa anayetaka kusomea kazi hii ni binti, na autafakari mfano huo.

Wasomaji wetu pia wanaifahamu aya ya 32 ya Suratul-Maida, na jinsi Allah (SWT) alivyoipandisha daraja ya kuihuisha nafsi moja. Hatuna haja ya kurefusha. Kijana mwenye nia hii ana nia njema, na wajibu wetu ni kumwelekeza asipotee njiani.

Safari ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani

Jambo la kwanza ambalo familia inapaswa kulielewa ni kwamba daktari bingwa wa dharura hatengenezwi na chuo anachoingia kijana baada ya kidato cha sita. Mwanafunzi husoma kwanza shahada ya udaktari kwa miaka 5. Hufuata mwaka 1 wa mafunzo kazini, akizunguka katika idara kuu za hospitali. Baada ya hapo husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Ndipo anapoweza kuomba shahada ya uzamili ya tiba ya dharura, ambayo huchukua miaka 3. Jumla ni miaka 9 ya masomo, bila kuhesabu miaka atakayofanya kazi katikati.

Kwa hiyo swali la leo si chuo gani kina jina kubwa katika tiba ya dharura. Swali ni chuo gani kitamfanya kijana huyu kuwa daktari imara, aliyeshika wagonjwa kwa mikono yake, kwa gharama ambayo familia inaweza kuibeba hadi mwisho, na katika mazingira yatakayomhifadhia dini yake. Chuo cha uzamili kitachaguliwa baadaye, na atakayekichagua wakati huo atakuwa mtu mzima mwenye uzoefu wake.

Mambo ya kutazama

Tunawashauri wazazi wavipime vyuo kwa mambo matano.

La kwanza ni kutambuliwa. Chuo kiwe kimeidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, na shahada yake iwe inakubaliwa na Baraza la Madaktari. TCU hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili unaoonesha kila kozi, sifa za kuingia na nafasi zilizopo. Mwongozo huo husomwa bure. Usomwe na mzazi pamoja na kijana, mstari kwa mstari, kabla ya kusikiliza maneno ya mtu yeyote.

La pili, na kwetu ndilo kubwa, ni hospitali ya kufundishia. Udaktari haujifunzwi ukumbini peke yake. Chuo chenye majengo mazuri lakini kisicho na wagonjwa wa kutosha kitatoa daktari anayejua vitabu. Kwa kijana mwenye nia ya dharura ulizeni mambo mahususi. Je, hospitali hiyo ina jengo la dharura linalofanya kazi saa 24? Je, wanafunzi wa udaktari hupangiwa zamu humo, na katika mwaka wa ngapi? Je, yupo bingwa wa dharura anayewasimamia, au huachwa na aliyekuwepo? Je, wanafunzi wangapi huzunguka kitanda kimoja? Mwanafunzi wa tano nyuma ya mabega ya wenzake haoni kidonda, na hatajua kukishona.

La tatu ni gharama kamili. Ada ya chuo binafsi huwa mara kadhaa ya ada ya chuo cha umma. Lakini ada peke yake haisemi yote. Kuna kodi ya chumba, chakula, vitabu, vifaa, na nauli ya kwenda na kurudi. Familia iliyopata ada ya mwaka wa kwanza kwa kuuza ng'ombe wawili na ijiulize ng'ombe wa mwaka wa nne wako wapi. Kukatizwa masomo mwaka wa nne kwa kukosa ada ni pigo ambalo familia nyingi huchelewa kuinuka kutoka kwake.

La nne ni dini. Ulizeni kama kuna msikiti au mahali pa kusalia karibu na mabweni na karibu na hospitali, kama chakula cha halali kinapatikana, kama binti ataruhusiwa kuvaa hijabu yake wodini kwa namna inayokubaliana na usafi wa kazi, na kama ipo jumuiya hai ya wanafunzi wa Kiislamu. Kijana aliyekuta wenzake wa kusali nao katika wiki ya kwanza huwa na kinga kubwa.

La tano ni umbali. Mwanafunzi wa udaktari huchoka, huugua, na mara nyingine hukata tamaa. Mzazi anayeweza kumfikia kwa basi la siku moja ana nafasi ya kumshika mkono.

Vyuo vilivyo mbele yetu

MUHAS ndicho kongwe. Kilianza mwaka 1963 kama shule ya udaktari ya Dar es Salaam na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Hospitali yake ndiyo iliyotangulia nchini katika tiba ya dharura, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza akiwa huko huwaona mabingwa wa fani hiyo kazini. Ni chuo cha umma, ada yake ni nafuu ukilinganisha na vyuo binafsi. Ugumu wake ni ushindani mkubwa wa nafasi na gharama ya maisha ya Dar es Salaam.

Kwa watu wa Mara, chuo kilicho karibu ni cha Bugando, Mwanza. Hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971 na ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Chuo chake cha udaktari kilianza mwaka 2003. Majeruhi na wagonjwa walioshindikana katika mikoa ya kanda hii hupelekwa huko, kwa hiyo mwanafunzi hukutana na maradhi ya watu wa kwao, ya ziwani, machimboni na mashambani. Faida hiyo si ndogo. Chuo hiki ni cha Kanisa Katoliki, na wazazi wengi hutuuliza kama inafaa Mwislamu kusoma hapo. Jibu letu ni kwamba elimu ya tiba ni moja na mlango wake uko wazi kwa mwenye sifa. Lililo wajibu ni kijana aende akiwa ameshika Sala zake na anajua mipaka yake, na mzazi aulize mapema yale tuliyoyataja katika jambo la nne.

Ndivyo tunavyosema pia juu ya KCMC ya Moshi, hospitali ya kanda ya kaskazini iliyofunguliwa nayo mwaka 1971, ambayo ina chuo cha udaktari chenye asili ya Kilutheri. Chuo Kikuu cha Dodoma ni cha umma na kinapakana na Hospitali ya Benjamin Mkapa. Mbeya kuna tawi la afya la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Dar es Salaam kuna pia Chuo Kikuu cha Kairuki, kilichoanza mwaka 1997 kwa jina la Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki, ambacho ni binafsi.

Kwa familia inayotanguliza mazingira ya Kiislamu zipo njia mbili za karibu. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, yaani SUZA, hufundisha udaktari katika jamii ambayo karibu yote ni ya Waislamu. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichoanza Mbale mwaka 1988 kina shule yake ya udaktari, Habib, iliyopo Kibuli, Kampala. Anayekwenda huko ajue kwamba akirudi atahitaji shahada yake itambuliwe na TCU na atimize masharti ya Baraza la Madaktari kabla ya kuanza mwaka wa mafunzo kazini. Uganda pia ina shahada za uzamili za tiba ya dharura, Makerere na Mbarara, kwa hiyo mlango wa bingwa hauko Dar es Salaam peke yake.

Tahadhari juu ya vyuo vya mbali

Hapa mpakani mawakala ni wengi. Huja na picha za majengo marefu ya ughaibuni na kusema kwamba hakuna haja ya alama za juu. Tunaifahamu familia moja iliyomkabidhi wakala fedha ya shamba zima, kijana akafika nchi ya watu na kukuta masomo ya kitabibu yanafundishwa kwa lugha asiyoijua. Ushauri wetu ni kwamba fedha isitoke mkononi mpaka jina la chuo lithibitishwe TCU, na mpaka familia izungumze na angalau Mtanzania mmoja aliyehitimu huko na sasa ana leseni ya kutibu hapa nchini.

Amani ya nchi nayo itazamwe. Kwa miaka mingi vijana wengi wa Kiislamu wa Afrika Mashariki walikwenda Khartoum kusoma, na wengi walinufaika. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, Serikali yetu ililazimika kuwarejesha nyumbani wanafunzi wa Kitanzania, miaka ya masomo ikiwa imekatika kati. Mipango ni ya Allah, lakini kufunga ngamia ni juu yetu.

Mkopo, riba na zaka

Wazazi wengi waliogopa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kwa sababu ya ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyoitwa ya kulinda thamani ya mkopo. Hofu yao ilikuwa na msingi, kwani deni lililokua mwaka hadi mwaka lilifanana mno na riba. Tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021, baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kutangaza hatua hiyo katika sherehe za Mei Mosi. Kwa hiyo sababu kubwa ya kuukimbia mkopo huo imeondoka. Hata hivyo mkataba usomwe wote kabla ya kutiwa saini, na penye shaka aulizwe mwanachuoni mwenye ujuzi wa miamala. Wapo pia wanafunzi wa sayansi waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa wanaopata ufadhili unaojulikana kwa jina la Samia, ambao haurejeshwi.

Upande wetu kama jamii tusibaki kutazama Bodi peke yake. Mwanafunzi fukara ni miongoni mwa wanaostahiki zaka. Misikiti ya Tarime, Serengeti na Musoma ikikusanya zaka zake kwa utaratibu, ikamchukua kijana mmoja tu na kumbeba kwa miaka 5, itakuwa imetekeleza sehemu ya ile fardhi. Hata duka moja lililowekwa wakfu, kodi yake ikaenda kwa mwanafunzi, lingeweza kumsomesha daktari mmoja baada ya mwingine.

Asiyepata alama za kutosha

Kuna vijana wenye nia safi ambao matokeo yao hayatawafikisha kwenye shahada ya udaktari. Wasikate tamaa. Stashahada ya utabibu huchukua miaka 3 katika vyuo vinavyosimamiwa na NACTVET, na uuguzi una njia yake kama hiyo. Tukisema kweli, katika vituo vyetu vya afya anayempokea majeruhi saa nane za usiku ni tabibu na muuguzi. Wao ndio wanaozuia damu, wanaotundika dripu na wanaopiga simu ya rufaa. Mwenye stashahada ya utabibu aliyefaulu kwa kiwango kinachotakiwa anaweza baadaye kuomba kusoma udaktari, akiingia darasani na uzoefu ambao wenzake hawana.

Kumpima kijana mwenyewe

Kabla ya kuchagua chuo, mzazi ampime kijana wake. Je, ni mtu wa kutulia penye kelele? Je, anaweza kukosa usingizi na bado akasema na watu kwa upole? Je, anatunza siri? Daktari wa dharura huwaona watu katika hali ambayo wasingependa kuonekana: mlevi, aliyepigwa na mumewe, binti aliyeficha mimba. Asiyejua kusitiri hafai mlangoni hapo. Tena atawapoteza wagonjwa, hata akifanya kila alilofundishwa, na lazima awe na imani ya kumrejeshea Allah jambo lake kisha aende kwa mgonjwa wa pili.

Ipo pia hofu ya ibada. Zamu za dharura hazijali Ijumaa wala Magharibi. Kijana asome mapema fikihi ya udhuru. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tunaifuata, kumhudumia mgonjwa asiye na mwingine wa kumshika ni miongoni mwa nyudhuru za kuacha jamaa na Ijumaa. Akiijua elimu hiyo hataacha Sala kwa uzembe, wala hatamwacha mgonjwa kwa kutojua.

Na aanze sasa. Ajifunze huduma ya kwanza kupitia Chama cha Msalaba Mwekundu. Achangie damu. Ajue namba 115, ambayo hupigwa bure kwa ajili ya usafiri wa dharura wa mama mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga. Mpango wake, uitwao m-mama, ulizinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022, na mahali ambapo gari la wagonjwa halipo hutumia madereva wa kawaida waliosajiliwa. Aende Musoma akaione Hospitali ya Rufaa ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, jengo lililoanza kujengwa miaka ya 1970 na kukaa miongo mingi bila kukamilika kabla ya kuanza kupokea wagonjwa. Huko ataona anachokitamani kilivyo, bila mapambo.

Hitimisho

Muhtasari wa ushauri wetu ni huu. Kijana atafute kwanza kuwa daktari aliyeiva, ubingwa utafuata. Chuo kipimwe kwa mlango wa dharura wa hospitali yake na kwa mkono unaomsimamia mwanafunzi hapo. Familia ihesabu gharama mpaka mwaka wa 5. Dini ya kijana iulizwe kama ada inavyoulizwa. Kisha wafanye Istikhara, wawasilishe maombi yao kwa wakati, na wamtegemee Allah.

Sisi wa Sirari tuna ombi moja la ziada kwa watakaofika mwisho wa safari hiyo. Dar es Salaam itawahitaji, na nchi nyingine zitawaita kwa mishahara mikubwa. Hatuwakatazi riziki. Tunawaomba tu wakumbuke kwamba malori bado yanapita hapa usiku, na kwamba majengo mapya ya dharura yanahitaji watu wa kukaa ndani yake. Tunamuomba Allah (SWT) awafungulie vijana wetu mlango wa elimu yenye manufaa, na awajaalie kuwa sababu ya uhai kwa waja Wake.

Wabillahi Tawfiq.